Kinu Kilale Hadi Kifike: Mjadala wa Nyuklia Mwezini

Usiku mmoja wa mwezini una saa 354 hivi, karibu siku 15 za huku duniani, na baridi yake hupita nyuzi 130 chini ya sifuri. Chombo cha India kiitwacho Vikram kilitua salama upande wa kusini wa mwezi tarehe 23 Agosti 2023, kikafanya kazi mchana mmoja wa huko, kisha kikalazwa. Jua lilipochomoza tena kiliitwa na hakikuitika. Waliokiunda hawakushangaa sana, kwa kuwa kilikusudiwa mchana huo mmoja tu. Lakini mtu anayetaka kuweka makazi mwezini hawezi kuwa na mipango ya mchana peke yake. Jibu linalopendekezwa siku hizi ni kinu kidogo cha nyuklia, kifaa kinachopasua atomi za urani na kugeuza joto lake kuwa umeme, jua liwepo lisiwepo. Mwaka 2022 shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na wizara ya nishati ya nchi hiyo, lilizipa kampuni tatu kazi ya kusanifu kinu cha kilowati 40, kisichozidi tani 6, kitakachodumu miaka 10. Agosti 2025 Sean Duffy, aliyekuwa akikaimu ukuu wa NASA, aliagiza kiwango kipandishwe hadi kilowati 100 na kinu kiwe tayari kurushwa ifikapo 2030. Urusi na China nazo zimetangaza nia ya kujenga chao katikati ya muongo wa 2030.

Katika mjadala huu mimi nina upande, na ni haki msomaji aujue mapema. Nasema kinu kiende, ila kiende kikiwa hakijawashwa hata mara moja kwa nguvu za kazi, kiwashwe baada ya kutua, na hesabu za usalama wake zisomwe na watu wasio na hisa katika safari hiyo kabla roketi haijaondoka. Wanaonipinga ni wengi na hawana sababu moja. Nitawaita mmoja mmoja, na nitajitahidi kuwapa hoja zao katika ukali wake.

Wa kwanza kusimama ni mtetezi wa jua. "Mnakwenda kubeba urani ya nini," anauliza, "wakati kituo cha kimataifa cha anga kimeishi kwa paneli za sola tangu kilipoanza? Mwezini hakuna mawingu. Katika ncha ya kusini, karibu na kreta ya Shackleton, vipo vilele vinavyopata jua zaidi ya asilimia 80 ya mwaka. Wekeni paneli zenu kileleni, ongezeni betri kwa siku chache za giza, na maneno yaishe."

Hoja hii ina nguvu, na kwa kituo kidogo kinachofanya kazi mchana tu ningekubaliana nayo bila ubishi. Tatizo linaanza tunapopiga hesabu. Kilowati 40 kwa saa 354 ni zaidi ya yuniti 14,000 za umeme. Betri nzuri ya lithiamu inahifadhi yuniti 200 hivi kwa kila tani, kwa hiyo usiku mmoja unadai zaidi ya tani 70 za betri, kabla hatujahesabu paneli za kuzijaza. Chombo cha Apollo kilichoteremsha watu wawili mwezini kilikuwa na uzito wa takriban tani 15 pamoja na mafuta yake yote. Tuseme basi tumehamia kileleni, ambako giza ni fupi, labda siku 4 tu kwa mkupuo. Bado tunahitaji karibu tani 19 za betri, mara tatu ya uzito wa kinu kinachopendekezwa. Mitambo ya kuchanganya hidrojeni na oksijeni inaweza kupunguza mzigo huo, nami sikatai, lakini haiufuti. Tena vilele vyenyewe ni vichache na vyembamba, na kila taifa limekwisha kuvitazama kwenye ramani. Machi 2025 chombo cha Athena cha kampuni ya Marekani kilitua ukanda huo huo wa kusini, kikaangukia ubavu ndani ya kreta, paneli zake zikakosa jua, na safari ikaisha siku iliyofuata. Halafu kuna ucheshi fulani wa maumbile katika jambo hili: kinachowavuta watu kwenda ncha ya kusini ni barafu, ambayo NASA ilithibitisha dalili zake mwaka 2009 ilipogongesha roketi kwenye kreta ya Cabeus, na barafu hiyo imebaki huko kwa sababu moja tu, kwamba jua halijafika chini ya kreta hizo kwa muda mrefu mno.

Katika sayari ya Mirihi hoja ya jua inazidi kudhoofika. Nuru inayofika huko haifiki nusu ya ile tunayoipata sisi, na vumbi lake halina adabu. Gari la Opportunity, lililotua Januari 2004 na kuishi miaka mingi kuliko alivyotarajia yeyote, lilinyamaza Juni 2018 dhoruba ya vumbi ilipofunika anga. Gari jingine, Curiosity, ambalo halitegemei jua, liliendelea na kazi yake ndani ya dhoruba ile ile. Mtetezi wa jua anakaa chini, ingawa hajaridhika. Anataka ikumbukwe kwamba paneli hazijawahi kuangukia nyumba ya mtu na mionzi.

Hapo anamfungulia mlango msemaji wa pili, na huyu ndiye ninayemheshimu kuliko wote, maana hoja yake ni historia. "Tarehe 21 Aprili 1964," anasema, "siku 5 kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, setilaiti ya jeshi la wanamaji la Marekani ilishindwa kufika kwenye obiti. Ilikuwa imebeba kifaa cha SNAP-9A chenye takriban kilo moja ya plutonia. Kiliungua juu sana angani, upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, pande za Madagaska, na vumbi lake likasambaa dunia nzima. Hakuna mtu wa mwambao huu aliyeulizwa. Kisha tukaletewa Kosmos 954. Warusi waliirusha Septemba 1977 ikiwa na kinu halisi chenye kilo 30 hivi za urani, iwe inapeleleza manowari za Marekani kwa rada. Ilipangwa kwamba kazi ikiisha, kiini cha kinu kisukumwe juu kikakae huko karne nyingi. Msukumo ulishindikana, na tarehe 24 Januari 1978 kikaanguka kaskazini ya Kanada kikamwaga vipande vyenye mionzi. Miaka 5 baadaye Kosmos 1402 nayo ikaanguka, kiini chake kikaishia Atlantiki ya Kusini. Kanada ina jangwa la theluji. Kingeshuka Mwanza au Bukavu, leo tungekuwa tunajadili nini?"

Swali lake la mwisho si la kutisha watoto. Setilaiti zile zilizunguka kwenye mwinamo wa nyuzi 65, maana yake zilipita juu ya kila nchi iliyopo kati ya nyuzi 65 kaskazini na 65 kusini, na Afrika Mashariki yote imo. Tuliponea kwa bahati, wala hatukujua kwamba tuko katika bahati nasibu. Hata hivyo namwomba msemaji wa pili atazame kwa karibu zaidi mifano yake, kwa sababu nadhani inathibitisha sharti langu badala ya kulivunja. Plutonia 238 ya SNAP-9A ni kali tangu siku inapotengenezwa. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 88 hivi, na ndiyo maana inatoa joto bila kupasuliwa, na ndiyo maana haizimiki. Urani 235 hupungua nusu kila baada ya miaka milioni 704. Mbele ya plutonia hiyo, mionzi ya urani mpya ni midogo zaidi ya mara laki moja, kiasi kwamba mafundi huweza kuishika wakiwa na glavu. Urani ambayo haijaanza kupasuliwa ni mkaa ambao haujaguswa na moto: unachafua mikono, hauunguzi nyumba. Ukali huzaliwa baada ya kinu kuwashwa, atomi zinapopasuka na kuacha mabaki kama sizi 137 na strontia 90.

Kosmos 954 haikuanguka na mkaa. Ilianguka na makaa, kwa sababu kinu chake kilikuwa kimefanya kazi kwa miezi, tena katika obiti ya chini mno, kilomita 250 hivi, ambako hewa nyembamba iliyobaki huvuta kila kitu kurudi chini. Urefu ule ulichaguliwa kwa ajili ya rada. Kwa maneno mengine, maafa yale yalitokana na uamuzi wa kijeshi wa kuwasha kinu karibu na vichwa vya watu na kutegemea injini moja ndogo kukiokoa mwishoni. Linganisha na kinu pekee ambacho Marekani imewahi kukirusha, SNAP-10A, Aprili 1965. Kiliwashwa kikiwa kwenye obiti ya kilomita 1,300 hivi, kikafanya kazi siku 43, kikazimwa na hitilafu ya kifaa cha umeme kilichokuwa nje ya kinu chenyewe. Mpaka leo kingali huko juu, nacho hakijamdhuru mtu. Sisemi kuacha taka za nyuklia zikizunguka dunia ni jambo la kusifiwa. Nasema ukali wa ajali huamuliwa na mahali na wakati wa kuwasha, na kinu cha mwezini kinaweza kuwashwa umbali wa kilomita 384,000 kutoka kwa jirani wa karibu.

Msemaji wa pili hakubali kunyamazishwa upesi, na anarudi na pingamizi ambalo watetezi wengi wa vinu hulipita haraka. "Mmesahau maji," anasema. "Roketi ikilipuka dakika ya pili, kiini kikatumbukia baharini au kwenye mchanga uliolowa, maji yatapunguza mwendo wa nyutroni, na nyutroni za mwendo wa pole hupasua urani kwa urahisi zaidi. Kinu chenu kilicholala kinaweza kuamshwa na bahari." Kifizikia amesema kweli. Ndiyo maana fimbo ya boroni, inayomeza nyutroni, hufungwa katikati ya kiini wakati wa kurusha, na ndiyo maana wasanifu hulazimika kuonyesha kwamba kiini hakitaamka hata kikizama au kikipondeka. Lakini "hulazimika" mbele ya nani? Wakijikagua wenyewe, sharti hili ni karatasi tu. Kwa hiyo pingamizi la maji halinifanyi nikiache kinu. Linanifanya nishikilie zaidi sehemu ya pili ya msimamo wangu, kwamba hesabu zisomwe na wengine. Kuhusu taka zitakazobaki mwezini baada ya miaka 10 ya kazi, sitakawia: mwezini hakuna upepo wala mto wa kuzisambaza, na mabaki makali zaidi hupungua nusu kila miaka 30 hivi. Mirihi, yenye barafu na swali la uhai ambalo halijajibiwa, ni kesi nyingine na inadai uangalifu zaidi.

Sauti ya tatu ni ya mtu anayefuatilia silaha. Anataja jaribio la KRUSTY, lililofanywa katika jangwa la Nevada kuanzia Novemba 2017 hadi Machi 2018, ambalo watetezi wa vinu vidogo hulitaja kwa fahari, na kwa haki. Kiini chake kilikuwa urani iliyochanganywa na molibdenamu, kikitoshana na roli la karatasi za kupangusia za jikoni. Joto lilitolewa na mabomba yenye sodiamu bila pampu yoyote. Wataalamu walipokata upozaji kwa makusudi, kiini kilipata joto, kikatanuka, nyutroni nyingi zikatoroka, na mpasuko ukapungua wenyewe, bila fimbo kuguswa wala kompyuta kuamuru. "Vizuri sana," anasema huyu wa tatu, "lakini kiini hicho kilikuwa na kilo 28 hivi za urani 235 ya kiwango cha bomu. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki huhesabu kilo 25 kuwa kiasi kinachoweza kutosha bomu moja. Miaka mingi mmezishawishi nchi ziachane na urani ya namna hiyo katika vinu vya utafiti. Leo mnataka kuirudisha kupitia mlango wa anga?"

Hapa sina la kumpinga, na ninachukua hoja yake niiweke kwenye upande wangu. Kinu cha mwezini kitumie urani iliyorutubishwa chini ya asilimia 20, hata kama kitakuwa kizito zaidi. Sera ya Marekani ya Desemba 2020 tayari inaelekea huko. Cha ajabu ni kwamba kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu nyuklia angani, zilizopitishwa na Baraza Kuu mwaka 1992, zinasema kinyume: vinu vitumie urani 235 iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu peke yake. Unaweza kuitetea kwa kusema kwamba urani ya kiwango cha chini huzaa plutonia ndani ya kinu. Lakini tani 6 za mashine iliyotua mwezini hakuna atakayeziiba, ilhali ghala, kiwanda na lori la kuifikisha urani kwenye roketi viko duniani. Kanuni hiyo ifumuliwe iandikwe upya.

Sauti ya nne inatoka Afrika Mashariki, na haina subira na fizikia. "Mnatupotezea muda," inasema. "Nchi nyingi za ukanda huu zinahangaika na kukatika kwa umeme mijini, nanyi mnajadili umeme wa mwezini. Wenye roketi watafanya watakavyo." Nusu ya kwanza ya kauli hii naiacha ipite, kwa sababu bajeti ya NASA haikuwa na njia ya kufika kwenye nyaya zetu. Nusu ya pili ndiyo inayonisumbua. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la anga la Kenya lilieleza kwamba kwa uchunguzi wa awali ilikuwa kipande cha roketi. Haikuwa na nyuklia, wala haikumjeruhi mtu. Ila ilionyesha kwa uzito wake kamili kwamba kinachorushwa na mwingine kinaweza kushuka shambani kwako. Kongo ilitoa urani ya Shinkolobwe kwa ajili ya mabomu ya Marekani katika Vita Kuu ya Pili bila wachimbaji wake kuambiwa wanachimba nini. Kunyamaza hakukutuweka pembeni wakati ule, na sioni kwa nini kutuweke pembeni sasa.

Wala sheria haiko upande wa wenye roketi peke yao. Mkataba wa fidia wa 1972 unaibebesha nchi iliyorusha lawama yote kwa madhara yanayotokea ardhini, bila mlalamikaji kuthibitisha uzembe. Kanada ilidai zaidi ya dola zake milioni 6 kwa ajili ya Kosmos 954, na mwaka 1981 Wasovieti wakalipa milioni 3. Ni nusu, lakini walilipa. Kanuni za 1992 nazo zinataka matokeo ya tathmini ya usalama yatangazwe kabla ya kila urushaji wa nyuklia. Udhaifu wake ni kwamba ni azimio tu, halina meno. Nchi zisizo na roketi ni nyingi kuliko zenye roketi katika kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga, na hapo ndipo zinaweza kudai azimio ligeuzwe sharti. Lipo na jambo la pili la kudai. Agizo la Duffy lilionya kwamba nchi itakayotangulia kuweka kinu inaweza kutangaza eneo la kukatazwa wengine. Ni kweli kwamba kinu kinahitaji nafasi ya kuwakinga watu na mionzi, labda kilomita moja, pengine pungufu kikifukiwa kwenye udongo wa mwezi. Lakini Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza taifa lolote kumiliki sehemu ya mwezi, na duara la usalama linalochorwa juu ya kilele chenye jua na kando ya kreta yenye barafu ni umiliki uliovaa koti la daktari. Upana wake uamuliwe na kipimo cha mionzi, na ufutwe kinu kinapozimwa.

Amebaki mhandisi, ambaye yuko upande wangu na bado ananilaumu. "Masharti yako yataua mradi," anasema. "Programu ya SP-100 ya kuunda kinu cha angani ilianza mwaka 1983 ikafutwa 1994 bila kurusha kitu. Prometheus ilianza 2003, ikazikwa 2005. Kila mara tulikuwa na michoro mizuri na hatukuwa na tarehe. Sasa tumepewa tarehe, unataka tusubiri kamati." Namwelewa. KRUSTY yenyewe ilifaulu kwa sababu ilikuwa ndogo, ya haraka na ya gharama isiyofika dola milioni 20. Ila hebu tuweke rekodi mezani. KRUSTY ilifanya kazi kwa nguvu kamili saa 28. SNAP-10A, siku 43. Vinu vya Kisovieti vya Topaz vilivyorushwa mwaka 1987, vyenye kilowati 5 hivi, kilichodumu zaidi kilifanya kazi takriban mwaka mmoja. Sasa kinatakiwa cha kilowati 100, kwa miaka, mahali ambapo watu wataupumua umeme wake, kwa kuwa mashine za oksijeni zitauhitaji. Mruko huo ni mkubwa mno kwa hatua moja, kamati iwepo isiwepo. Napendekeza cha kwanza kiwe cha kilowati 10, kitue mahali pasipo na watu, kiwashwe huko, kivuke nyusiku kadhaa, kisha viongezwe vingine kama hicho kimoja kimoja. Kimoja kati ya vinne kikifa, wakazi wanabaki na robo tatu ya umeme wao.

Mhandisi anatabasamu, kwa sababu ameona mahali ninapojikwaa. Urani ya chini ya asilimia 20 huongeza uzito wa kila kinu, na kadiri kinu kinavyokuwa kidogo ndivyo nyongeza hiyo inavyouma zaidi, maana kiini kidogo hupoteza nyutroni nyingi kupitia kuta zake. Usanifu wa awali wa kilowati 10, uliokadiriwa kuwa na uzito wa tani moja na nusu hivi, ulitegemea urani ya kiwango cha bomu. Kwa hiyo masharti yangu mawili, udogo na urani dhaifu, yanavutana, na siwezi kuyatimiza yote bila mtu kulipia tani za ziada. Nikilazimishwa kuchagua, nalegeza udogo: cha kwanza kiwe cha kilowati 20, hata 30, alimradi urani ibaki chini ya asilimia 20. Mhandisi angelegeza urani. Hapo hatujapatana.